Kilo Kumi na Nne

Karatasi tatu kwenye meza ya mzani.
Nimezikandamiza kwa jiwe la kilo mbili,
maana feni ya ghala haina adabu.
Msimu umefungwa. Urambo yote inanuka tumbaku, hata chai.

Ya kwanza: chuo cha Dar, majengo ya vioo.
Shahada ya uhasibu, miaka mitatu,
milioni moja na laki sita kila mwaka.
Halafu chumba. Halafu kula. Halafu treni
ya kwenda na ya kurudi, na ile ya msiba,
kwa kuwa miaka mitatu haipiti bila kufiwa,
na hakuna chuo kinachoandika nauli ya msiba.

Ya pili: tawi la Tabora mjini, Cheyo,
juu ya duka la mabati.
Laki tisa na nusu, jioni na Jumamosi.
Nitalala Isevya kwa shangazi Nyanzala,
kodi yangu ni kuchota maji
na kusikiliza habari za ndoa yake ya kwanza.
Mkuu wa tawi alisema, "Cheti ni kilekile."
Akarudia. Pale aliporudia ndipo nilipopata wasiwasi.

Ya tatu: masomo ya simu, bei ya mbuzi sita.
Lakini mtandao wa huku ni kama jamaa mwenye deni lako:
unamwona, ukimwita hayupo.

Mimi karani wa mizani, msimu wa kumi na moja.
Najua daraja, najua unyevu, najua makato:
mbolea, turubai, kamba, ushuru wa chama.
Kuandika naandika.
Kusaini kitabu, mkono hauruhusiwi.

Mwaka jana alikuja mkaguzi kutoka mkoani,
kijana wa juzi, kola bado ina mikunjo ya dukani.
Akavifungua vitabu vyangu kama anayemenya yai.
"Hapa," akasema. "Na hapa."
Robo saa. Nami nimepita hapo miaka kumi.
Akagonga mhuri, akaomba maji ya kunywa.

Usiku ule nikashusha leja za zamani,
zile ambazo mchwa wameshakula pembe,
nikatafuta mwaka niliomaliza kidato cha nne.
*Mihayo Kasanda. Marobota tisa.*
Baba alikuwa akipima nyumbani kwa mzani wa kuazima,
akiandika kwa mkaa nyuma ya mlango.
Mlango upo, siku hizi ni wa banda la kuku.
Mlango unasema mia nne na sita.
Leja inasema mia tatu tisini na mbili.

Kilo hazifi.
Zilihama ukurasa.

Na mwaka ule Baba alinitazama viatu, si usoni,
akasema, "Tungoje msimu ujao,"
kwa sauti ya mtu aliyeiba.

Basi napiga hesabu.
Mkopo nikiupata, mshahara utakatwa kabla haujanijua jina.
Na mshahara wenyewe uko wapi?
Kapela wa Usoke ana shahada ya vioo,
anauza vocha stendi.
Chenji yake haijawahi kukosea.

Kushoto gharama zimejaa hadi ukingoni,
nyingine nimeziandika kwa wima pembeni.
Kulia nina mstari mmoja:
*kujua zilipopitia.*
Mhoja, mke wangu, ameusoma akiwa amesimama, mtoto mgongoni.
"Ukishajua, nani atakulipa?"
Nikasema sijui.
"Basi andika na hilo," akasema, "lina bei."
Nimeliandika. Sikujua niliweke upande gani.

Fomu ni elfu thelathini, hairudishwi.
Basi la Tabora linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Nimeondoa jiwe.
Feni imeichukua ya Dar, ikaibandika kwenye robota;
ya simu imeangukia chini ya mzani.
Ya Cheyo haikupeperuka.
Sikumbuki niliikunja saa ngapi
nikaitia mfukoni.