Kazi Yangu ni Kutazama

Mimi sipandi. Kazi yangu ni kutazama.
Kampuni ya umeme ya Oruro inanilipa
nisimame chini, shingo nyuma, mikono mitupu,
nisipokee simu, nisimpe mtu spana,
nisimjibu hata mchunga llama anayeuliza
kama leo kwake kutakuwa na giza.
Hakutakuwa na giza. Ndiyo maana tuko hapa:
ng'ambo ya bonde kuna hospitali,
na watoto watatu njiti ndani ya masanduku ya joto,
na waya huu hauzimwi.

Zenobio anavua pete. Huivua kwa mate,
kidole kimenenepa tangu harusi.
Naitia mfukoni, pamoja na majani yangu ya koka.
Kisha saa. Kisha msalaba wa mamake.
"Umenibakizia meno," anasema.
Jino moja ni la dhahabu. Naliruhusu.

Halafu glavu. Nakunja pindo, nabana hewa ndani
hadi vidole vya mpira vinavimba
kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa,
naiweka shavuni, nasikiliza.
Tundu la sindano jicho halilioni;
shavu hulijua, kwa kaubaridi kadogo.
Mwaka juzi shavu hili lilikataa jozi mpya kabisa,
msimamizi akanuna, wiki nzima hanisalimu.
Anune.

Ndege hutua juu ya waya, akajikuna, akaruka.
Hana pengine pa kushika.
Binadamu ana mikono miwili, ndiyo shida yake:
mmoja ukiwa kwenye waya
wa pili unatamani nguzo.
Kwa hiyo tunafunika. Mablanketi ya mpira, rangi ya chungwa,
waya wa kushoto, wa kulia, mtambaa wa nguzo,
hadi nguzo inafanana na bibi
aliyejitanda kila nguo aliyonayo kwa baridi.

Na hapa kwetu hewa ni haba.
Wageni hulala hotelini wakishika vichwa.
Kitabu cha mafunzo kiliandikwa na watu wa kando ya bahari,
sisi bahari hatuna.
Hewa isiyotosha pafu haitoshi kuuzuia umeme,
unaruka mbali zaidi, kama mtu aliyetupa mzigo.
Umbali wa kitabuni tunauongeza shubiri,
na mimi, kimoyomoyo, nusu ya shubiri nyingine.

Saa tano na robo kiwiko chake kinaanza kurudi nyuma.
Si uzembe. Ni bega kuchoka.
Napuliza filimbi. "Kiwiko!"
Anaganda. Anakirudisha taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Kisha wingu, juu ya mlima wa mashariki, dogo,
jeusi upande wa chini.
Napuliza mara mbili: shuka.
"Imebaki bolti moja tu, Nieves!"
*Moja tu.*
Fortunato Huarachi, kaka yangu, alikuwa na moja tu.
Sisemi hivyo. Napuliza tena.

Anafunga alichofungua, anafunika, anashuka.
Tunakaa ndani ya lori, tunakula yai baridi na viazi vikavu,
haniangalii.
Mvua ya mawe inapiga bati la lori dakika tisa.
Radi? Hata moja.
Wingu linaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.
Ananitazama sasa, yule mwenye jino la dhahabu.
"Glavu," namwambia. "Lete tuzipime upya."

Jioni, kwenye fomu, mahali pa matukio,
naandika kama jana: hakuna.
Karani anasema fomu zangu zinachosha.

Saa mbili usiku nafua suruali, kitu kinalia kwenye karai.
Simu nayo inalia. Ni mkewe, Eulogia.
Haniamkii.
"Nieves, mume wangu amerudi,
vidole vyote kumi anavyo, nimevihesabu.
Pete iko wapi?"