Dozi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa,
wakaondoka bila kuandika dozi.
Ni moja mara tatu? Kabla ya chakula,
au badala yake?

Deni lenyewe si la mdomo wangu, ni la mkono:
nilitia sahihi chini ya jina la Kisilu,
kitinda mimba wetu, aliyetaka pikipiki.
Pikipiki ikaibwa Njiru. Kisilu akazima simu.
Sacco, isiyojua kuzima,
ikageukia mshahara wangu.
Laki moja, elfu themanini na nne.
Niliiandika nyuma ya daftari la Ndunge,
pale penye jedwali la kuzidisha,
kwa penseli, kana kwamba ingefutika.

Mwaka wa kwanza nililipa kama mtu anayezima moto.
Niliuza friji. Nikaacha maziwa. Nikaacha kulala,
maana saa tisa usiku hesabu huja zenyewe,
hazibishi hodi,
huketi kitandani upande wa miguu.
Nilimfokea mtoto kwa ajili ya sukari.
Kijiko kimoja.
Muuguzi wa kliniki akanifunga mkono,
akapiga pampu, akatazama, akapiga tena.
"Mama Ndunge, nani anakudai?"
Sikujua deni husomeka kwenye mshipa.

Akaniambia nitembee. Basi natembea:
Umoja mpaka eneo la viwanda, raba miguuni,
viatu vya kazi ndani ya mfuko wa unga.
Nauli inaingia kwenye kopo.
Karibu na reli kuna harufu ya mkate wa kiwandani;
hiyo haijawekwa bei bado,
naivuta kwa pua zote mbili.

Juu ya paa, katikati ya kamba za nguo,
nina magunia sita ya sukuma,
dania kwenye beseni lililopasuka,
na managu yaliyoota bila kuombwa.
Maji ya mfereji ni Jumanne na Ijumaa;
siku nyingine mimea hunywa niliyooshea mchele.
Konokono naye huja usiku kudai chake.
Namtupa. Anarudi.
Huyu angeajiriwa na wale wakopeshaji wa simu.
Nekesa wa mlango wa pili huchukua dania, huacha yai.
Hatujawahi kuandika popote.

Aliyenifunza kulipa si wahenga, ni sukuma.
Unachuma majani ya chini, yaliyokomaa.
Moyo unauacha.
Ukichuma moyo, leo utashiba,
Jumapili utabaki na kijiti.
Nilikwenda mjini na hilo neno moja,
nikaketi mbele ya Bwana Okumbe na kikokotoo chake,
nikamwambia, "Kateni, lakini kateni chini."
Akanitazama kama mtu aliyekosa dirisha.
Kisha akaniongezea miezi kumi na minne.
Riba ikapanda kidogo.
Nikanunua maziwa nikirudi.

Sasa imebaki elfu ishirini na moja.
Sisemi nimepona. Vidonge vya presha
bado viko juu ya kabati, na pale palipokaa friji
Ndunge ameweka baiskeli isiyo na tairi la mbele.
Lakini saa tisa usiku naamka kwa sababu ya kibofu,
si kwa sababu ya hesabu,
narudi kitandani na miguu inanyooka hadi mwisho.

Jana Kisilu alipiga. Nambari ngeni,
sauti ya mtu aliyesimama mvuani.
Alianza kuomba msamaha, akakwama.
Nilikuwa na maneno niliyoyakariri tangu mwaka juzi,
makali, yamepangwa vizuri.
Macho yangu yakaangukia gunia la karibu.
Udongo ule aliupandisha yeye, mgongoni,
ghorofa nne, safari sita, akihema na kucheka,
wiki ile ile niliyotia sahihi.

Nikamwambia managu yamekomaa.
Akanyamaza.
Nikamwambia aje na mfuko wake.
Na elfu mbili, kwa kuanzia.