Kipimo cha Ngazi

Nilikuwa nimezikariri sifa zote:
kilo moja na gramu mia mbili,
betri ya saa kumi, bawaba inayolala chali,
kalamu inayohisi viwango elfu nne vya mgandamizo.
Bi Otilia Barahona alinisikiliza
kama mtu anayengoja basi lisilo lake,
kisha akauliza: "Nyepesi kwa nani?"

Nikacheka. Dukani kwetu, Valparaíso ya chini,
kila kitu ni chepesi: tunakitoa kabatini,
tunakirudisha kabatini.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Yeye huchora ndege. Miaka thelathini ya rangi za maji
katika vitabu vya watoto, hadi kiganja cha kulia
kilipoanza kumdai riba.
Na sasa mchapishaji wa Santiago hapokei tena karatasi.

Akazipanga tatu juu ya kaunta.
Kwenye ya kwanza alivuta mstari wa mshazari,
taratibu, kama anayemimina mafuta chupani.
Mstari ukatetemeka.
Akanionyesha mkono wake: umetulia tuli.
"Uongo huu si wangu," akasema, akaisukuma kando.
Ya pili ilitii, ila wino ulikuja nyuma ya ncha
kama mtoto anayeburutwa sokoni,
na kioo kiliteleza. Akakiita sahani ya supu.
Ya tatu
hakusema kitu.
Akaifunga, akaitia begani ndani ya mkoba
pamoja na viazi alivyotoka kununua,
akaelekea mlangoni.

Bwana Quezada akanikata jicho: mfuate!

Lifti ya kilimani imefungwa tangu Machi.
Tukapanda. Ngazi mia moja arobaini na nne,
mimi mikono mitupu, nikihema,
yeye akihesabu kwa sauti.
Kwenye ya sitini akahamishia mkoba bega la kushoto.
Kwenye ya tisini akatoa viazi, akanipa mimi.
Kompyuta akabaki nayo.

Juu, kwenye ukuta mfupi mbele ya mlango wa kijani,
akaikunja, kioo kikatazama mbingu.
Jua lilikipiga, hakuna kilichoonekana;
akalipa jua mgongo, akachora katika kivuli chake mwenyewe.
Shakwe alikuwa juu ya dohani la jirani,
anatutazama kwa dharau ya mwenye nyumba.
Mkono ukaenda.
Mgongo kwanza, mstari mmoja,
ukinenepa begani, ukikonda hadi mkiani,
haukutetemeka, haukuchelewa,
na feni haikulia.
Vile viwango elfu nne nilivisahau. Niliona unyoya.

Shakwe akaruka kabla ya miguu.
"Miguu naijua," akasema.

Akauliza bei tena, ingawa nilishaitaja mara mbili,
akafumba macho kama anayemeza dawa.
Akahesabu noti. Zilipungua.
Nikasema nitamwambia bosi ina mkwaruzo.
"Uko wapi?"
Nikamwonyesha, kando ya kitufe cha kuwashia.
Akaupuliza. Ulikuwa unywele, ukapeperuka.

Tukanyamaza.
Kisha akatoa ufunguo wa nyumba yake
na palepale, bila kutetemeka,
akauchora mkwaruzo,
mfupi, unaonenepa katikati.

Nilishuka na noti zake,
na viazi viwili mfukoni.