Bikari ya Mbao

Bikari ni moja, shule ni tatu.
Jumatatu na Jumanne iko kwetu, Kariobangi Kusini.
Jumatano inavuka mto kwenda Dandora, kwapani mwa Ogutu,
na mwisho wa wiki inalala Umoja,
kabatini, nyuma ya sukari ya walimu.

Mguu mmoja una msumari, mwingine unashika chaki.
Bawaba imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Askari wa getini aliwahi kumzuia Ogutu:
"Hiyo ni silaha gani, mwalimu?"
Ogutu akaisimamisha pale pale vumbini,
akachora duara, akamwacha askari ndani yake,
akapita.

Mimi nilikuja na shahada na kalamu mbili.
Nikapewa ufunguo wa kabati:
vitabu kumi na vinne, wanafunzi hamsini na sita,
kitabu kimoja kwa wanne, hesabu pekee
iliyogawanyika bila baki mwaka ule.
Majedwali ya logi yameraruka kuanzia safu ya saba.
Wizara ilituma barua kuhusu vishikwambi.
Barua ilifika.

Na chini kabisa, daftari la Bi Mutindi,
aliyestaafu Agosti.
Halikuwa na majibu.
Lilikuwa na makosa,
miaka ishirini na tisa ya makosa ya watoto,
kayanakili kwa wino wa buluu, moja moja,
kila kosa na jina la mwenyewe, kama rejista ya zahanati.
*Lekuton anadhani hasi mara hasi ni deni maradufu.
Si mjinga. Muulize: deni likifutwa, mfuko unasemaje?
Fardosa hujumlisha sehemu juu kwa juu, chini kwa chini.
Usimkaripie. Mpe chapati na kisu.*
Ukurasa wa mwisho, herufi kubwa:
*USIFUTE UBAO HARAKA.*

Jumamosi tunakutana maabara ya Umoja,
walimu wanane, chupa moja ya chai.
Kiingilio ni somo lililokushinda.
Wiki tatu nilidanganya:
"Kwangu wanaelewa tu."
Ya nne nikasema, uwezekano unanishinda.
Nyumbani naupanga vizuri kwenye karatasi,
nikifika darasani unageuka kamari.

Kimya.
Kisha Bi Nasambu, miaka kumi na tisa kazini,
akavua miwani, akaifuta kwa leso.
"Hata mimi. Huwa ninausukuma
karibu na kengele."
Tulicheka hadi mlinzi akachungulia.
Mtu akavua soksi. Vizibo vya soda,
vyekundu vitatu, vyeusi viwili,
na walimu wazima wakabishana kama kidato cha tatu
hadi saa nane, chai imepoa,
juu ya mkono wa nani utatoa nini.

Jumanne hii bawaba ilikatika
katikati ya duara, mbele ya Kidato cha Pili Mashariki.
Tao likabaki ubaoni, mdomo wazi.
Nilikuwa nimeshainua kifutio.
Achola, wa dawati la nyuma,
ambaye hajawahi kuvuka kumi juu ya mia,
akainama akaanza kufungua kamba ya kiatu.
Akaja mbele, kiatu kikipwaya.
"Nipe chaki, mwalimu. Wewe shika hapa.
Usisogee."

Nikashika kwa kidole gumba.
Nikawa kitovu.
Yeye akazunguka,
kamba imekaza, ulimi nje kidogo,
hadi mwisho wa mstari ukakutana na mwanzo wake
na darasa likasahau kupiga makofi.

Daftari la kukabidhiana, Jumatano, saa moja na robo:
*Bikari imetoka kwangu kwenda kwa Ogutu.
Bawaba ni waya sasa. Inachora, ila usiharakishe.
Nimeongeza kamba moja ya kiatu, nyeusi, mali ya Achola.
Irudishwe kabla ya Ijumaa.
Ana mpira.*