Kosa la Mstari wa Kumi na Saba

Nimefika Lerwick na fomu zangu ndani ya mfuko wa nailoni,
upepo umenivua kofia mara mbili kabla sijabisha hodi.
Osla Mouat hasemi karibu. Anasema, "Funga mlango,"
kisha anatandaza mezani sweta mbili, kama mtu anayetandaza mashtaka.

Moja ni ya mama yake.
Nyingine imenunuliwa London, pauni mia sita na arobaini,
risiti ingali imebanwa shingoni kwa pini.

Mimi ni mshauri wa hakimiliki. Kazi yangu kuuliza:
Nani alibuni? Lini? Kuna shahidi? Kuna saini?
Osla anacheka hadi miwani inamteleza.
"Andika bibi," ananiambia. "Kisha bibi yake bibi.
Kisha endelea mpaka kalamu ikauke."

Fomu ina kisanduku kimoja, upana wa kidole gumba.

Jibu hilo nililijua kabla sijajua kusoma.
Shangazi yangu, kule Micheweni, alisuka ukili wa rangi tatu,
na alipoulizwa ni wa nani, alijibu: wa mkeka.
Sheria haina mahali pa kumweka mtu anayejibu hivyo.
Cha wote, husema, si cha mtu;
na kisicho cha mtu, mwenye duka hukiokota.

Nataka kumwambia ukweli: nakshi hii ni kongwe mno,
na uzee, unaoamkiwa shikamoo kote nilikokulia,
mahakamani ni hasara.
Chai inapoa. Nafungua mdomo.

Ndipo anapoigeuza sweta ya mama, ndani ikawa nje.
"Hesabu."
Nahesabu. Mstari wa kumi na saba, bega la kushoto,
nyota moja imepungukiwa ncha.
"Mama alikuwa hakosei. Usiku huo, mwaka wa hamsini na nane,
umeme ulifika kwetu. Taa ikawaka juu ya kichwa chake,
akaruka, kitanzi kimoja kikamponyoka sindanoni.
Hakurudi nyuma kufumua. Alisema, kiache, ndiyo kalenda yangu."

Navuta ile ya London.
Mstari wa kumi na saba.
Bega la kushoto.

Wamenakili hata mshtuko.
Mashine isiyojua giza imeruka mara elfu nne
kwa taa iliyowaka jikoni kwa Merran.

Sasa kisanduku kinatosha. Naandika polepole,
mkono ukinitetemeka kidogo kwa furaha:
Mtunzi, Merran Mouat. Tarehe, usiku wa taa.
Kazi inayodaiwa, ncha moja ya nyota, isiyokuwepo.

Osla anaisukuma sweta ya London sakafuni, paka ailalie.
Anasoma fomu, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno.
"Na hizi nyota nyingine," anauliza,
"hizi zilizokamilika?"

Nakoroga chai yangu.
Haina hata sukari ya kukoroga.