Jani la Maka

Jani lenyewe jepesi, lina ncha kama ukucha wa paka.
Nauza Wete, mlango wa tatu ukitoka sokoni,
baina ya fundi cherehani na muuza betri.
Napima kwa vidole vitatu, kama alivyopima baba,
na vidole vya baba vilikuwa vinene.

"Roweka kwa maji ya moto, funika kwa kisahani.
Kunywa usiku. Litakuamsha kabla ya muadhini."
Watu hucheka, hulipa, huondoka.
Baada ya Idi sina hata nafasi ya kucheka:
mji mzima umeshiba boko boko na hautoki.

Bi Mize Shaame hakuwa mtu wa Idi.
Alikuja kila Jumatano, miaka mitatu,
buibui limepigwa pasi, sarafu zimeshahesabiwa.
Sikumuuliza kitu. Mteja mzuri haulizwi.

Kumbe alikunywa kila usiku.
Tumbo lake likawa kama mtoto aliyezoea bakora,
siku isiyo na fimbo haendi chuoni.
Akazidisha. Vidole vinne, vitano, kiganja.
Hata alfajiri moja miguu ikamwisha nguvu chooni,
moyo ukaruka mapigo kama cherehani yenye sindano mbovu,
wakamkimbiza Mkoani, hospitali.

Nikenda kumtazama, nimebeba machungwa na aibu.
Daktari Shen, Mchina, kijana, kavaa ndala,
alikwishaufungua mkunjo wa gazeti langu mezani.
Akalinusa jani. Akatabasamu
kama aliyekutana na jirani ugenini.
Akalitaja kwa kwao, silabi tatu fupi,
na muuguzi Raya akatafsiri:
"Anasema wanalo. Wao huliita jani la kigeni."

Na sisi twasema sanamaki, la Maka.
Hakuna anayekubali kuwa ni lake.

"Anasema ni jani la baridi, hushuka, husukuma.
Hapewi aliyekwisha dhoofu,
wala mwenye mimba, wala anayenyonyesha,
wala mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana asili.
Siku chache, basi. Halafu anauliza..."
Raya akasita.
"Anauliza, wewe uliyemuuzia, ulimuuliza nini?"

Nikayatazama machungwa.

Sasa nina mizani ndogo niliyonunua kwa sonara,
na kabla ya mizani nina mdomo.
Juzi kaja binti, hina mbichi mkononi,
anataka kupungua, gauni la harusi linambana.
Nikamuuliza. Akautazama mlango.
Nikalifunga kopo.

Bi Mize bado huja Jumatano. Hanunui.
Huketi kwenye gunia la ukwaju, akanilaumu taratibu,
akaondoka na papai langu bila kulipa.
Choo, anasema, kinarudi kama mtoro:
kinachungulia kwanza, kinaona haya,
siku nyengine kinaingia.