Pancha Bila Msumari

Huja alfajiri, wakikokota baiskeli kama mbuzi mgonjwa,
wakaniambia: Nafutali, naapa sikukanyaga msumari,
wala mwiba, wala kigae cha chupa.
Nililala tairi gumu, nimeamka limekaa chini.
Nawajibu: hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.
Ya msumari hujitangaza. Hii huvuja umelala.

Nami nilikuwa navuja.
Hapa hapa Namanyonyi, Wanale ukinitazama,
nilifunga tefilini mkononi, mizunguko saba,
kama anayefunga tita la kuni,
akili ikihesabu spoku za kununua Mbale.
Sala ya kusimama nilikuwa naianza,
nikishtuka nimeshapiga hatua tatu za nyuma, imekwisha,
sijui nani aliyeisali.
Sipora aliniuliza, bila ubaya:
"Mbona unamsomea Mungu kama risiti ya umeme?"

Baba yangu alisali miaka ya marufuku.
Askari wakipita barabarani, yeye yuko shambani,
jembe mkononi, Sikia Israeli mdomoni,
neno moja kwa kila shina la kahawa.
Alikuwa na woga, na woga ule ulikuwa kuni zake.
Mimi nina ruhusa. Nina paa la mabati,
kitabu cha herufi nene, taa ya sola,
na miayo.
Simtakii mtu marufuku. Lakini nilimwonea baba wivu,
kisha nikauonea haya wivu wenyewe.

Basi. Jumanne akaja Wamono, muuza maziwa,
madumu mawili nyuma, tairi limelala.
Nikatoa tyubu, nikaijaza, nikaizamisha katika beseni,
nikaizungusha polepole, inchi kwa inchi
(kazi hii haitaki nguvu, inataka macho)
hata karibu na valvu
kipovu kikapanda. Kimoja. Kidogo kama yai la chawa.
Kikapasuka. Kikaja kingine.

Na mdomo wangu, bila kutumwa, ukaanza
ile baraka ya mtu atokaye chooni,
ile niliyozoea kuimeza pamoja na maji ya kunawia:
Wewe uliyemuumba mtu kwa hekima,
ukatia ndani yake matundu na mianya;
likifunguka moja, au likizibika moja,
hawezi kusimama mbele zako hata saa moja.

Maji yakatetemeka. Kumbe ni mikono yangu.
Miaka arobaini na minne, figo, koo, mishipa,
hakuna aliyenizamisha kunitafuta povu,
na bado nimesimama.
"Unazungumza na tyubu?" Wamono akacheka.
Nikamwambia achunge maziwa yake yasichache.
Nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikaingoja ikauke
kwa subira ambayo Mungu hajawahi kuipata kwangu.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini Jumatano niliamka mtupu vilevile,
nimenuna kama mtu aliyeuziwa kiraka kibovu.
Ndipo nikaiona pampu, imening'inia ukutani.
Nani aliwahi kujaza baiskeli mara moja
akaiendesha hadi uzeeni? Hata tyubu mpya,
isiyo na doa, hupumua kidogo kidogo usiku.
Hakuna fundi anayeiita hiyo dhambi.

Sasa nina ujanja mdogo, si wa kujivunia.
Kila asubuhi nachagua neno moja, moja tu,
nalizamisha, nalizungusha.
Jana lilikuwa "mianya". Leo "umande",
na nyasi za njia ya sinagogi zilikuwa zimenilowesha hadi magotini.
Maneno mengine yote yalipita mbio, kama desturi yao.
Yairi, kijana ninayemfunza ufundi,
akanigusa kiwiko: wenzetu wamemaliza,
mbona wewe bado umeinama?
Nikainua kidole, kama nifanyavyo juu ya beseni:
ngoja.